Dreni ikigoma kutoa, hesabu bomba bado limejaa

SWALI: Shikamoo mjomba. Mie kijana wa Ngamiani hapa Tanga, nimesomea umeme VETA na sasa nimepata mkataba wa kwenda Uarabuni kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, upande wa vyombo vya kupimia, naondoka mwezi ujao inshallah. Rafiki yangu alonitangulia kaniambia nusu ya kazi ni kuzibua vile vibomba vyembamba vinavyopeleka presha kwenye transmita, kile chombo kinachopima na kupeleka kipimo chumba cha kuongozea, pamoja na dreni za nusu inchi, zile njia za kutolea mafuta yalobaki, na eti wakikuta pameziba wanafungua vali wanachokoa na waya mpaka mafuta yatoke. Ndo inavyotakiwa? Na ntajuaje kama kibomba kimeziba au transmita yenyewe ndo imekufa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kazi. Ila hapana, sio hivyo, na huyo rafiki yako mpigie leo leo umwambie aache.

Nakwambia kwa sababu mkono wangu wa kulia una kovu toka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa kiwanda kimoja hapa hapa Tanga, tuna tenki la mafuta mazito ya tanuru, yale yanapashwa moto kwanza ndo yasukumike. Dreni ya chini nikaifungua, kimya, hata tone. Nikasema hii imekauka. Nikachukua fimbo ya kuchomelea nikaiingiza, nikachokoa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikazama ghafla na mafuta ya moto yakanirukia, nashika mkono wa vali nifunge haufungi, kwa nini haufungi, kwa sababu fimbo bado imo ndani ya vali! Hapo ndo nilipoelewa. Ukishaingiza chuma ndani ya vali umejinyang'anya mwenyewe kitu pekee cha kukuokoa.

Kwa hiyo shika hili moja kabla ya mengine yote: dreni uloifungua ikakaa kimya haijakwambia bomba ni tupu, imekwambia tu kwamba hujui kilichomo. Marekani, kiwanda cha Tosco kule Avon, California, tarehe 23 Februari 1999 walikuwa wanabadilisha bomba la nafta, yale mafuta mepesi yanayowaka upesi, kwenye mnara wa kutenganishia mafuta huku mtambo unaendelea kufanya kazi. Dreni zimeziba, vali za kufungia zinavuja, mafuta bado yamo ndani, na bomba likakatwa. Nafta ikamwagikia mnara wa moto ikawaka, watu 4 wakafa na mmoja akaumia vibaya. Dreni ndogo tu ile mwanangu.

Sasa la kujua kama kimeziba. Nenda chumba cha kuongozea uangalie mchoro wa kipimo chako, kibomba kizima kipimo chake hakitulii, kinachezacheza kidogo kidogo hata mtambo ukiwa shwari, kilichoziba mstari unanyooka kama umepigwa na rula wakati vya jirani vinacheza. Halafu kabla hujagusa chochote waambie wa chumba cha kuongozea wakitoe hicho kipimo kwenye otomatiki, maana ukikichezea bila taarifa unaweza kuuzima mtambo mzima. Ndo baadae ulegeze skrubu ya kutolea pale kwenye transmita, taratibu, mafuta yaingie kwenye chombo chake, yakija kwa nguvu na yakaendelea basi njia iko wazi, tatizo litafute kwenye transmita, yakidondoka kidogo yakakata, kimeziba.

Kuzibua kwenyewe, sukuma uchafu urudi ulikotoka, usiuvute uje kwako. Unafunga vali za transmita kwanza, unaunga pampu ya mkono yenye vali ya kuzuia kurudi, unasukuma dizeli au kiyeyushi walichokiruhusu pole pole mpaka kizibo kirudi kwenye bomba kubwa, na presha isipite kile kinachobebwa na kiungo dhaifu kuliko vyote. Mvuke nao unafanya kazi vizuri kwenye nta ila wa presha ya bar 3.5 tu una joto kama nyuzi 148, na transmita nyingi elektroniki zake mwisho ni nyuzi 85, kwa hiyo usiuache ufike huko. Ikibidi kuchokoa kabisa kuna kifaa chake, fimbo inapita kwenye glandi yenye pakingi inayobana pembeni, mafuta hayana pa kutokea, na hata hicho kinataka vali ya kupita moja kwa moja kama ya tufe (ball valve) au ya geti, kwenye vali ya sindano fimbo haipiti.

Na pua yako usiiamini. Ile gesi yenye sumu inayonuka kama yai bovu, haidrojeni salfaidi (H2S), ikifika kama sehemu 100 katika milioni inaua uwezo wa kunusa, unadhani imeondoka kumbe imo. Vaa kipima gesi. Uchafu mweusi unaotoka kwenye mabomba ya gesi hiyo uumwagie maji, ukikauka unaweza kuwaka wenyewe kwa hewa tu.

Ukirudi nyumbani ujuzi huu utakufaa, maana bomba la kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani na mafuta yake yana nta nyingi, yakipoa yanaganda ndo maana bomba linapashwa joto njia nzima. Ila kwenye kibomba cha kipimo mafuta hayatembei, yamesimama, kwa hiyo bomba kubwa linaweza kuwa la moto na kibomba kimeshaganda. Hapo mwendo ni kukifunga waya wa joto na sufi yake mpaka kwenye transmita, usiache hata shubiri moja uchi.

SWALI: Fundi, mie wa Sahare, hewa ya kompresa inafaa kupulizia vibomba hivyo?

JIBU: Haifai kaka, hewa ikichanganyika na mvuke wa mafuta umeshatengeneza mlipuko, unasubiri cheche tu. Tumia naitrojeni, na mtungi usiuunge bila regyuleta, yaani kipunguza presha, kwa sababu ukiwa umejaa una bar 150 na kupanda. Oksijeni ya kuchomelea usiisogeze kabisa karibu na mafuta, hata kama mtungi wa naitrojeni umeisha na bosi anakuhimiza.