Tishari kuukuu kuwa nyumba ya kuelea Bukavu: anza na chuma, vyumba baadaye

Ndugu uliyeuliza kama tishari la mchanga (chombo cha chuma cha kubebea mizigo majini) unalouziwa hapa Bukavu linaweza kugeuzwa nyumba ya kuelea, na uanze na vyumba au na rangi: linaweza, mradi fedha zako za kwanza ziende kwenye chuma kilicho chini ya maji. Nimeshiriki kazi ya namna hiyo upande wetu wa Ziwa Kivu, tangu chombo kilipovutwa ufukoni hadi familia ilipohamia, na ninakuomba uniamini katika hili.

Mto Ruzizi hutoka ziwani kwa maporomoko, kwa hiyo chombo kikubwa hakiwezi kupanda kutoka Ziwa Tanganyika hadi Kivu kwa njia ya maji. Vyombo vya chuma huundwa au kuunganishwa huku huku, na kwa kuwa si rahisi kupata vingine, hutumikishwa miaka mingi na kutiwa kiraka juu ya kiraka. Kiraka kilicholehemiwa juu ya bamba bovu hufungia unyevu katikati, na kutu huendelea kula pasipo mtu kuona. Fundi wetu, mzee aliyezeekea katika kulehemu, alipita na nyundo shubiri kwa shubiri: bamba zima lililia, bamba lililoliwa likatoa sauti butu. Karibu na mstari wa maji, chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ncha ya nyundo ilizama, magamba ya kutu yakadondoka, kisha maji meusi yakaanza kuchuruzika kutoka ndani. Rangi ya mahali hapo ilikuwa nzuri kabisa. Baada ya nyundo, tafuta mtu mwenye kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti. Ulaya, ambako matishari ya zamani ya Uholanzi hukaliwa na watu wengi, kampuni za bima kwa kawaida hudai unene usiopungua milimita 4. Palipopungua sana, kata bamba uweke jipya. Bamba la milimita 6 lina uzito wa kilo 47 hivi kwa kila mita ya mraba, na ukiliongeza juu ya la zamani, uzito huo wote unabaki nao.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni hewa ya ndani ya tishari. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa nzito inayotulia mabondeni na kuua mifugo na watu. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu lina hatari yake iliyo karibu na hiyo, kwa sababu kutu yenyewe hula oksijeni, na anayeshuka anaweza kuanguka kabla hajapiga kelele. Fungua vifuniko vyote, puliza hewa kwa feni muda wa kutosha, kisha pima: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na ikiwa chini ya 19.5 mtu asiingie. Usipime kwa mshumaa, maana kunaweza kuwa na mvuke wa mafuta. Anayeshuka afungwe kamba, na mwenzake abaki mlangoni bila kuondoka.

Uzito nao una hesabu yake. Tishari la mita 20 kwa 5, lenye umbo la sanduku, huzama sentimita 1 kwa kila tani 1. Likizoea kubeba tani 60 za mchanga, likiwa tupu litaelea sentimita 60 juu zaidi, na upepo utalisukuma lipendavyo. Kwa hiyo utahitaji mawe au zege chini kabisa, vipangwe ili viweze kuondolewa siku ya ukaguzi, na vitu vizito kama matangi ya maji na betri vikae chini pia.

Malizeni kulehemu kote kabla ya kuweka povu la kuzuia joto na unyevu, kwa kuwa povu hilo likishika moto hutoa moshi wenye sumu. Baada ya hapo mbao, madirisha na sola ni kazi ya seremala na fundi umeme yeyote mzuri. Choo kiwe na tangi lake, kwani majirani zetu wanateka maji hayo hayo.

Hati za chombo zikaguliwe kwenye ofisi ya serikali inayosimamia vyombo vya ziwani, na umwombe muuzaji akubali tishari livutwe nje na kupimwa kabla hujamlipa. Akikataa, tafuta tishari jingine.