Je, demensia ya frontotemporali ni nadra kwetu, au hatujaitafuta?

Mleta mada anaandaa tasnifu ya uzamili, na ameuliza kwa nini tafiti za Ulaya zinahesabu wagonjwa wa demensia ya frontotemporali, ile inayoharibu sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ilhali tafiti za Afrika karibu haziitaji kabisa. Niliwahi kuwa mdodosaji wa nyumba kwa nyumba katika utafiti wa demensia, kwa hiyo nitamjibu kwa yale niliyoyaona.

Hata huko Ulaya namba hazilingani. Utafiti wa eneo la Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, ulipata wagonjwa 15 kwa kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 45 hadi 64. Mwaka uliofuata, utafiti wa jimbo la Zuid-Holland nchini Uholanzi ulitoa 3.6 kwa walio na miaka 50 hadi 59, na 9.4 kwa walio na miaka 60 hadi 69. Siamini kwamba majirani hao wanatofautiana ubongo kiasi hicho. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, inatokana na nani aliyefika kwa daktari bingwa akatambuliwa, na ni umri gani uliohesabiwa. Nchi 9 za Ulaya zilipounganisha takwimu zao bila kuwaacha wazee nje, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa wapya walikuwa kama 2.36 kwa watu 100,000 kila mwaka, na kilele kilikuwa kwenye umri wa miaka 71 hivi, ingawa kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa watu wa makamo.

Sikatai kwamba tofauti za kweli zipo. Kasoro ya jeni ya C9orf72, mojawapo ya visababishi vya kurithi vya ugonjwa huu, iliyotambuliwa mwaka 2011, ni ya kawaida Finland lakini ni nadra sana Japani.

Kwetu tatizo linaanzia mlangoni. Utafiti maarufu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba takriban asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wana demensia. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini mtu wa miaka 58 hakuwa na nafasi ya kuingia humo. Utafiti nilioufanyia kazi mimi ulianzia miaka 60, na bado tulimpita mtu ambaye simsahau.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 61. Nilimuuliza tarehe, akaitaja bila kusita. Nikampa maneno matatu ayakumbuke, akayarudia yote. Wakati huohuo aliinywa chai niliyowekewa mimi, akakivuta kikopo cha sukari, akawa anailamba kijiko baada ya kijiko kana kwamba sikuwepo. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameushika ukingo wa kanga yake kwa mikono miwili. Aliniambia, “Mwanangu, mwalimu hakuwa hivi. Kwenye msiba wa dada yake alicheka mpaka wakamtoa nje.” Sehemu ya maswali ya ndugu ilifunguliwa tu kwa mtu aliyepata alama za chini, na mwalimu alipata za juu, kwa hiyo maneno ya mama yule hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Niliandika “hana tatizo” nikaenda nyumba inayofuata, na jambo hilo linaniumiza hadi leo.

Wagonjwa wa aina hii mara nyingi hawasahau mapema. Wanapoteza haya, huruma na kiasi, wengine wanapoteza maneno, na familia zinawapeleka kwa sheikh, kwa mchungaji, kwa mganga, au wodi ya magonjwa ya akili, wala hawafiki kliniki ya wazee ambako watafiti wanawasubiri.

Kwa hiyo, ndugu mleta mada, ukipata nafasi ya kwenda uwandani, shusha umri hadi miaka 45, pitia kumbukumbu za wodi za akili, na mdodose mwenzi wa kila mhojiwa, awe amepata alama za juu au za chini. Swali la kwanza kwake liwe lile ambalo mke wa mwalimu alinijibu kabla sijamuuliza: je, huyu ndiye mtu uliyemzoea?