Birika la shaba na pasi ya mkaa: usianzie madukani

Dada, nimekuelewa: unataka birika la shaba na pasi ya mkaa kama vya marehemu bibi, lakini maduka ya Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, yamekutisha bei. Pale bei ni za watalii. Anza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vitu vizuri hupita kwao kabla ya kuyeyushwa.

Nenda na sumaku. Ikinata kwenye birika, ni chuma kilichopakwa shaba juu juu (ndivyo nilivyouziwa sinia langu, sina hamu). Pasi, tazama bawaba na ufa kitakoni. Birika, chungulia ndani: bati lililopakwa ndani kuzuia shaba isiguse kinywaji likiwa limechubuka, usichemshie kitu, hasa chenye ndimu, mpaka fundi alipake upya. Shaba huingia kwenye kinywaji na kudhuru.