Kabla hujaliuza gari lile

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema gari limefikisha kilomita 140,000, sasa lina miaka 11, ukisimama kwenye taa linatikisika mpaka kioo cha pembeni kinacheza, na fundi uliyempelekea kafungua boneti, kasikiliza kidogo, kasema injini imechoka, liuze kabla halijakufia mikononi. Halafu mwishoni ukauliza kama nitaumia ukiliuza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuachia.

Sitaumia. Ni bati na raba. Kitakachoniuma ni uliuze kwa bei ya injini iliyokufa, aliyelinunua abadilishe kidude kimoja, kisha uwe unapishana nalo barabarani miaka mingine sita.

Tuanze na huo mtikisiko, maana ndio uliokutisha. Injini ya gari lile ina silinda tatu, na silinda tatu hazijawahi kutulia kama nne. Wiki ya kwanza nililirudisha nilikolinunua nikidhani nimeuziwa bovu. Walinicheka kwa adabu wakanirudishia ufunguo. Kwa hiyo kutetema kidogo ni tabia yake ya kuzaliwa. Tunachotaka kujua ni kama kumezidi, na kumezidi kwa sababu gani.

Injini ikishapata moto, simama mahali tambarare, kanyaga breki, gia iwe kwenye D. Hisi usukani na kiti. Kisha peleka N. Kama kwenye N linatulia na kwenye D linaanza tena, shuku maunting, zile raba zinazoishika injini isigusane na bodi. Raba za miaka 11 zimekauka na pengine zimechanika. Hapo anayelalamika ni kitanda, mgonjwa mwenyewe hana neno.

Lakini kama halitulii popote, linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, na taa ya injini imewaka dashibodini, basi linamisi: silinda moja haichomi vizuri. Ikigoma moja kati ya tatu, theluthi ya nguvu imeondoka, ndiyo maana unahisi gari zima linakata roho. Mwambie fundi achomeke kipimo, na asikupe hadithi, akupe namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu. Tuseme imetoka P0302. Achomoe koili ya silinda ya pili, kile kidude kinachoipa plagi umeme, aifunge kwenye ya kwanza, na ya kwanza aihamishie kwenye ya pili, afute kosa, mzunguke kidogo, apime tena. Ikisoma P0301, kosa limehama pamoja na koili: nunua koili moja urudi nyumbani. Kama halikuhama, wafanye vivyo hivyo kwa plagi. Nazo zikionekana hazina kosa, watazame nozeli ya petroli, kisha wapime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote tatu. Baada ya kompresheni ndipo neno "imechoka" linaruhusiwa kutamkwa, tena kwa tarakimu. Huyo wako alilitamka kwa sikio.

Na hapo usilete mzaha: taa hiyo ikianza kupepesa, inawaka inazima, punguza mwendo utafute pa kusimama. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye kisafishio cha moshi ndani ya ekzosti, na hicho kikiyeyuka utatamani ungenunua koili zote tatu.

Sasa hizo 140,000. Watu wanaziogopa kwa sababu ndizo zinazoonekana. Gari la mjini umri wake upo kwenye saa, na kwenye idadi ya stati za asubuhi likiwa baridi. Piga hesabu. Foleni na taa zikikupa wastani wa kilomita 20 kwa saa, basi 140,000 ni saa 7,000 za injini kuunguruma. Gari la safari ndefu lenye wastani wa 80 limefika hapo kwa saa 1,750. Odometa zinasoma sawa, lakini injini yako imefanya kazi mara nne. Ndiyo maana sikuwahi kusubiri kilomita 10,000 ndipo nimwage oili. Kitabu cha gari kina jedwali la pili la sevisi, lile wengi wanaloliruka, la matumizi magumu. Wanadhani linahusu wanaobeba mawe. Lisome: safari fupi, foleni, injini kuunguruma gari limesimama. Ni wewe huyo. Mimi nilibadilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kinachotangulia. Tena sampu, lile bakuli la oili chini ya injini ile, inameza kama lita tatu tu. Uchafu ambao injini kubwa inaugawia lita tano au sita, pale unabebwa na lita tatu.

Siku moja asubuhi fungua kifuniko cha kujazia oili ukitazame kwa ndani. Huenda ukakuta ute wa rangi ya krimu, na mtu aliyesimama karibu atakwambia gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Usikimbie. Injini inapochoma petroli hutoa mvuke wa maji. Safari za dakika tano haziipi joto la kuukausha, maji yanajikusanya humo na kuchanganyika na oili. Kifute, liendeshe dakika 40 mfululizo barabara ikiwa wazi, ulipe safari za namna hiyo kila wiki, kisha utazame tena. Ute ukirudi, na kulanti, ule ugiligili wa kupoza injini, inapungua bila kuonekana inakovuja, hapo ndipo tuongee habari za gasketi.

Hapo kwenye kulanti nina deni la kukueleza, kwa sababu gari langu la kwanza, kabla hujazaliwa, nililiua mwenyewe.

Lilikuwa dogo kuliko hili. Rejeta nilikuwa naijaza maji ya bomba kwa kuwa yalikuwepo, na feni yake ilikufa bila mimi kujua. Feni ikifa kwenye barabara ndefu huoni kitu, upepo wa mwendo unaifanyia kazi. Ukiingia kwenye foleni, ndipo hakuna wa kulipoza. Mshale wa joto ulipanda nikiuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimebakiza kona mbili kufika, nikajisemea kona mbili si kitu. Ya kwanza nilipita. Ya pili lilizima katikati, moshi mweupe, harufu ya kuchefua. Baadaye fundi aliifungua injini, akaweka rula ya chuma juu ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, akawasha tochi nyuma ya rula na kuniita nije nione. Mwanga ulipita chini ya rula kama mwanga unavyopita chini ya mlango. Hedi ya aluminiamu ilikuwa imepinda. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Gari lako halina mshale. Lina taa, ya buluu likiwa baridi na nyekundu likichemsha. Nyekundu ni taarifa iliyochelewa. Ikiwaka, zima eyakondishena, washa joto la ndani hadi mwisho na feni yake hadi mwisho, utajuta jasho lakini unaiondolea injini moto, na usimame mahali pa kwanza palipo salama. Hapana kona mbili. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kimepoa kabisa. Yale maji yamefungiwa kwa presha, ukikifungua yanalipuka usoni. Na humo weka kulanti, si maji matupu: inachelewa kuchemka na inazuia kutu kule ndani. Siku za kawaida, ukiwa umepaki na injini inaunguruma, sikiliza kama feni inaamka yenyewe na kuzima yenyewe. Ni dakika chache tu za kusubiri.

Mengine yanakwenda kwa kalenda hata ukilipaki mwaka mzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama chini kama umekanyaga sifongo. Mimi nayamwaga kila miaka miwili, na fundi akikwambia bado ni meupe, mwambie asante, yamwage. Betri za gari la safari fupi hazifi kwa uzee, zinakufa kwa njaa: stati moja inakula, dakika tano hazirudishi. Usishangae ikiishia miaka mitatu au minne. Ile safari ndefu ya kila wiki niliyokwambia kwa ajili ya oili, betri nayo inakula humo humo.

Tairi usizihukumu kwa kipara peke yake. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari dogo lisilokwenda mbali linaweza kubaki na tairi zenye mikato mizuri kabisa ilhali raba imeshakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani. Upepo pima asubuhi kabla hujatoka, zikiwa baridi.

Kugongagonga kwa mbele ukipita matuta ni bushi au stabiliza linki, vitu vidogo, usikubali vikuuzishe gari. Taimingi ni ya cheni, kwa hiyo huna mkanda wa kubadilisha, ila cheni inaishi kwa oili safi. Ukisikia inakwaruza sekunde chache za kwanza asubuhi, nipigie siku hiyo hiyo.

Gia ndiyo ninayoihofia kuliko injini. Ile ni CVT, ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, na inataka oili yake peke yake. Ukimruhusu mtu akamimina oili ya gia otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu," utaiaga. Nilibadilisha kwenye kilomita 49,000 na 97,000. Ya tatu ni yako, na imeshafika.

Kuhusu fundi anayelalamika kwamba gari dogo halina pa kuingiza mkono: ana haki. Tangu Mini ya mwaka 1959, pale Alec Issigonis alipoilaza injini kwa upana ili watu wanne wapate pa kukaa, magari haya yamekuwa yakiwapa nafasi abiria na kumnyang'anya fundi. Kwenye Mini ile hata gia zilikaa ndani ya sampu, zikaogelea oili moja na injini. Kubadilisha balbu ya taa ya mbele ya gari lako kumewahi kunichubua vidole. Mlipe mtu mwenye mikono membamba na subira, wala usimharakishe.

Basi, lini uliuze? Lipandishe juu, uingie chini yake wewe mwenyewe na bisibisi. Gongagonga pale shokapu na mikono inayoshika magurudumu inaposhikana na bodi. Bisibisi ikizama, kutu imeingia kwenye mifupa, liuze na umwambie anayelinunua. Gia ikianza kuteleza, injini inapanda sauti na gari halifuati, hata baada ya oili sahihi, liuze. Ukipata watoto wawili na begi tatu, liuze kwa furaha. Kwa mengine, chukua bili ya matengenezo uigawe kwa miezi unayotarajia kulitumia baada yake, kisha linganisha na makato ya mkopo wa gari jingine kwa mwezi. Nimefanya hesabu hiyo mara nne katika miaka minane niliyokuwa nalo. Mara tatu nilikuwa tayari nimeshaanza kutazama picha za magari mengine.

Daftari lipo kwenye kabati la dashibodi, chini ya kitabu cha gari, lile lenye jalada la bluu. Kila sevisi niliandika tarehe, kilomita na kilichobadilishwa. Plagi utaziona zimeandikwa mara moja tu, kwa hiyo anzia hapo kabla ya maunting. Kurasa zako naona hazina kitu tangu nilipokupa. Ulinidanganya kwenye simu, lakini hilo tutaliongea ana kwa ana.

Na kabla hujaenda kwa fundi, inua zulia la buti ulisome tairi la spea, zile tarakimu nne, unitumie. Nina wasiwasi ni lile lile lililokuja na gari. Miaka yote hiyo nilikagua zilizo chini, nalo sikuligusa.

Mama yako