Mguu bado unamruka

Chausiku, paka wetu, alikuwa akilala mlangoni, katikati ya jikoni na sebule, pale pale ambapo hakuna asiyepita. Umfukuze, anarudi. Kwa miaka 17 nyumba nzima tulimruka. Hii ni wiki ya tano tangu afe, na juzi nilikuwa napita pale na sufuria ya maji ya moto, mguu ukajiinua wenyewe. Nikabaki nimesimama mguu mmoja kama korongo, nalia.

Siku za mwanzo nilitafuta mtu wa kuniambia neno la maana, nikaambulia "si paka tu?" na "chukua mwingine." Sikuwalaumu. Mtu akifa, watu wanajua la kusema na la kufanya. Paka akifa, kesho yake unatakiwa kazini, na ukiwa na macho mekundu unasingizia mafua. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Wamisri wa kale, paka akifa nyumbani kifo cha kawaida, wote waliomo walinyoa nyusi. Nadhani walituzidi akili. Aliyekutana nawe njiani alijua umefiwa, huna haja ya kueleza. Mimi nyusi zangu zilikuwa mahali pake, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Kilichonitesa zaidi lakini si upweke, ni hesabu. Ningempeleka mapema. Ningeona. Alianza kunywa maji mengi, nikasema joto. Akapungua, nikasema uzee. Alipopimwa damu, figo zilikuwa zimekwisha. Daktari wa mifugo akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye paka mzee alijue: paka huficha maradhi, na kwa kawaida vipimo vile vya damu huanza kuonyesha hitilafu wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea. Kwa hiyo ile "ningeona" yangu ilikuwa inadai macho ambayo hata maabara haina. Bado hesabu hunijia usiku, sikudanganyi. Ila sasa nina cha kuijibu. Na kama wa kwako yu hai na amevuka miaka 10, mpeleke akapimwe kabla hujaona dalili yoyote.

Tuliamua apigwe sindano ya kumpumzisha. Kama nawe umefika hapo, niulize mimi, kwa sababu mambo mengine hawayasemi mpaka uyaone. Kwetu ilitangulia sindano ya kumtuliza, akalegea mapajani mwangu, kisha ikaja dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa cha kusimamisha moyo. Ni dakika chache tu. Macho hayafumbi. Hilo sikuambiwa. Nilijaribu kuyafumba kwa kidole mara tatu, yakawa yanafunguka taratibu, nikadhani bado yupo na ananitazama. Anaweza pia kuvuta pumzi moja au mbili za ghafla, au kutoa mkojo. Si maumivu, ni mwili tu. Chukua taulo. Ukimzika mwenyewe, chimba shimo refu kwelikweli, maana dawa ile hubaki mwilini, na mbwa akimfukua akamla inaweza kumuua.

Kwa watoto nilikosea. Nilimwambia mdogo kwamba Chausiku "amelala." Akauliza ataamka saa ngapi. Usiku ule akakataa kwenda kitandani, na wa pili, na wa tatu, mpaka dada yake akamwambia wazi: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi. Alilia sana, kisha akalala. Mtoto wa miaka tisa alinizidi busara siku hiyo.

Tuna paka mwingine, kijana, na yeye alizunguka nyumba akiita, akichungulia nyuma ya kabati. Wa namna hii mwangalie kwenye sahani kuliko kwenye uso. Paka akigoma kula siku mbili tatu mfululizo, mafuta yanaweza kumjaa ini, na hilo ni la hospitali, si la kubembeleza.

Vyombo vyake usivitupe siku ile ile. Mimi nilitupa bakuli kwa hasira, na mpaka leo nalijutia, bakuli la plastiki lililopasuka ukingoni! Tia kila kitu kwenye boksi, funga, weka juu ya kabati, utaamua baadaye. Dawa zilizobaki ndizo za kuondoa haraka. Mrudishie daktari.

Na saa zake? Saa kumi na moja alfajiri alikuwa akinigonga kidevu kwa mkono, kucha zikiwa ndani. Bado naamka saa hiyo. Mwanzoni nilikuwa nalala pale pale nikisubiri kukuche, na hapo ndipo ile hesabu iliponikamata. Siku hizi nainuka, nawasha taa, nakunja nguo zilizokauka. Mazoea ya miaka 17 hayatoki kwa kuyaamrisha. Nimeona ni afadhali kuyapa kazi.

Jumapili iliyopita alikuja mgeni. Akavua viatu, akaelekea jikoni, akakanyaga katikati kabisa ya mlango. Mimi na wanangu wawili tukapiga kelele kwa pamoja: "Angalia!"

Mgeni akaruka, akatazama chini.