Ukali wa Stoney kwenye maduka ya Marekani: niliyoyaonja mpaka sasa

Dada uliyeuliza kutoka Columbus, Ohio, pole. Umesema ulinunua kopo la kijani la Canada Dry ukidhani ni ndugu yake Stoney Tangawizi, ukafika nusu bado unaitafuta hiyo tangawizi, na sasa unataka kujua ipi huku inakereketa koo kama ya nyumbani. Yalinikuta hayohayo hapa Grand Rapids, Michigan, wiki yangu ya kwanza, ila mimi nilibeba katoni nzima ya makopo 12. Baadaye nikapata kazi ya usiku ya kupanga vinywaji kwenye rafu za duka moja kubwa, na tangu hapo karibu kila kitu chenye picha ya tangawizi kimepita mdomoni mwangu.

Kosa letu sote wawili lilikuwa jina. Huku soda za tangawizi ni za aina mbili. Kopo likiandikwa ginger ale, hiyo ni soda nyepesi, tangawizi yake inapita kwa mbali kama harufu ya jikoni kwa jirani. Likiandikwa ginger beer, hapo ndipo penye moto. Stoney ni wa ukoo huu wa pili, na Afrika Kusini chupa yake imeandikwa hivyo kabisa: ginger beer. Sisi Bongo tumezoea kuona neno Tangawizi tu, kwa hiyo hatujui binamu zake wanaitwaje.

Na usiilaumu Canada Dry, ndivyo ilivyokusudiwa. Mfamasia wa Toronto, John J. McLaughlin, aliitoa mwaka 1904 akitaka kitu chepesi na cheupe kuliko soda za tangawizi za wakati ule, zilizokuwa nzito, tamu na za rangi ya dhahabu. Hilo neno Dry maana yake ni kwamba sukari imepunguzwa. Halafu Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na watu wakaona soda hii inaficha vizuri ladha ya gongo la kujificha. Kinywaji kilichopendwa kwa sababu hakigombani na kingine, leo tunakidai kitupige koo! Mimi naiweka kwa ajili ya mgonjwa wa tumbo na kwa wageni wasiopenda ukali, basi. Ila hata huyo mgonjwa ajue kwamba kopo moja la mililita 355 lina sukari gramu 35 hivi.

Sasa nikueleze Vernors, maana utaambiwa ndiyo kali kuliko zote. Ni ya Detroit, wenyewe wanasema tangu 1866, na watu wa Michigan wanaipenda kama sisi tunavyopenda chai. Mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu, mzaliwa wa hukohuko Detroit, alinimiminia kwenye kikombe cha karatasi akasimama pembeni akinitazama. Nikakileta mdomoni huku navuta pumzi. Povu likanipanda puani, nikapiga chafya tatu mfululizo, macho yakatoka machozi. Mzee akacheka hadi akakaa juu ya kreti. Nikaamini nimepata.

Kikombe kile nilikisahau juu ya boksi. Alfajiri tunatoka nikakimaliza, gesi yote imeshakwenda. Nikanywa vanila. Vanila na sukari, na tangawizi kidogo sana kwa nyuma. Kumbe kilichonipiga chafya ni gesi.

Tangu siku ile ndivyo ninavyopima. Mimina soda kwenye kikombe cha chai, iache ilale mezani usiku kucha bila kifuniko, asubuhi onja. Gesi ikishakufa na baridi ikiisha, unabaki na sukari na tangawizi peke yao, hakuna pa kujificha. Halafu sikiliza inakuchoma wapi. Mimi tangawizi huniwasha nikishameza, nyuma ya koo, ikashuka kifuani na kutulia. Ikinichoma midomo na ncha ya ulimi, tena ikaendelea kuchoma hata baada ya dakika kadhaa, nageuza chupa kusoma. Mara nyingi nakuta neno capsicum, yaani wameongeza pilipili. Si haramu, lakini usiambiwe ni tangawizi.

Zilizofaulu kwangu ni mbili. Reed's kwanza. Hii ina tangawizi mbichi kweli, na ile ya Extra inayo nyingi kuliko ile ya kawaida. Hata ikilala inawasha. Shida yake imechanganywa na asali na juisi za nanasi, limau na ndimu, kwa hiyo ukifumba macho unaweza kudhani uko harusini Kigoma, siyo dukani kwa Mangi na Stoney baridi. Ya pili ni Bundaberg ya Australia, chupa fupi nono ya kahawia yenye pete ya kuvuta juu ya kizibo. Hii inachachushwa kwa hamira, kisha inatiwa gesi. Chini ina mashapo ya tangawizi, na hapo wengi wanakosea: wanafungua wanakunywa maji ya juu, halafu wanasema haina kitu. Igeuze kichwa chini taratibu, uone lile vumbi likishuka kama unga, irudishe, ndipo ufungue. Utamu wake ni mwingi, lakini ndiyo iliyonisogeza karibu zaidi na Stoney. Reed's Extra inaishinda kwa ukali, Bundaberg inaishinda kwa sura ya nyumbani.

Fever-Tree ni nzuri, tangawizi yake wanasema inatoka Nigeria, Ivory Coast na Cochin kule India. Ila kichupa cha mililita 200 kwa bei ile ni cha watu wa kuchanganya na pombe. Kwa kiu ya kutoka kazini unameza mara mbili kimeisha.

Kuhusu neno beer, maana najua kuna watakaouliza kama inanyweka kwa Mwislamu. Hizi za rafu ya soda zinahesabiwa hazina kilevi. Huku kiwango chake lazima kiwe chini ya asilimia 0.5. Zile za kuchachushwa kama Bundaberg hubaki na chembe, asiyetaka hata hiyo chembe achukue za kutiwa gesi tu. Lakini zipo za pombe kweli, mfano Crabbie's yenye asili ya Uskoti, na chupa yake ni rahisi kuichanganya na hizi. Soma kabla ya kulipa.

Nilijaribu na kutengeneza mwenyewe. Tangawizi, sukari, hamira kidogo, nikafunga kwenye chupa ya kioo, nikaiweka juu ya hita kwa sababu ilikuwa Januari. Usiku wa tatu ulisikika mlipuko, mke wangu akalala chini sakafuni akidhani ni risasi. Dari ya jikoni ina doa mpaka leo. Ukijaribu, tumia chupa ya plastiki, ibonyeze kila siku, ikiwa ngumu kama jiwe ipeleke friji.

Aliyeninyoosha ni mama jirani yetu, mtu wa Uvira. Wakongomani ni wengi mtaa huu. Alionja Reed's yangu akasema, "Hii ya mu chupa ni sukari tu." Yeye anachemsha maganda ya nanasi na sukari, anaacha yapoe kabisa, ndipo anatia tangawizi mbichi aliyoisaga kwenye blenda, anachuja kwa kitambaa na kukamulia ndimu. Nilikuwa nachemsha kila kitu pamoja, na ndiyo sababu ukali wa yangu ulikuwa unapotea. Tangawizi ikipikwa, ule ukali wake hugeuka kuwa kitu laini chenye utamu. Ikikaushwa huwa kinyume, inazidi kuwa kali, ndiyo maana ile ya unga kwenye kahawa inakupiga tofauti na ya kuponda. Mimi sasa nachukua nusu glasi ya mchanganyiko wa mama, najazia maji ya gesi yasiyo na ladha. Kwa koo langu, hiyo inaipita hata Stoney.

Ukikosa muda, anza na Bundaberg. Na ukija kututembelea, yaache makopo yako hukohuko Ohio: Michigan wanarudisha senti 10 kwa kila kopo kama tulivyokuwa tunarudisha chupa dukani, lakini kurudisha ya jimbo lingine ni kosa kisheria.