Kilomita ngapi, saa ngapi? Majibu kwa wasafiri wa masafa marefu

Nimekata tiketi ya Singapore kwenda New York. Imeandikwa naondoka saa 6 usiku na kufika saa 12 asubuhi, tarehe ileile. Ni saa sita tu kweli?

Laiti ingekuwa hivyo! Tiketi huandika saa za mahali: kuondoka kwa saa za Singapore, kufika kwa saa za New York. Majira ya joto ya Marekani, Singapore huwa mbele kwa saa 12. Ukipaa usiku wa manane, New York ndiyo kwanza saa 6 mchana, tena wa jana yake. Hesabu kutoka hapo hadi alfajiri: saa 18. Hii ni miongoni mwa safari ndefu kuliko zote zinazorushwa bila kutua njiani, zaidi ya kilomita 15,300.

London na New York ni njia moja. Mbona kwenda ni saa 8 hivi, kurudi 7?

Upepo. Huko juu zinakopita ndege, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Ni sawa na mtumbwi unaoteremka na mto: kasia ni lilelile, ila maji nayo yanakubeba. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Wapo waliodhani imeipita kasi ya sauti. Wapi! Ukiipima dhidi ya hewa iliyoizunguka, kasi yake ilikuwa ya kawaida.

Na wapanga safari hawangojei bahati. Wakienda mashariki huutafuta mkondo huo. Wakienda magharibi huukwepa, hata ikibidi kuzunguka. Ndiyo maana kilomita zinazorukwa mara nyingi huzidi zile unazozikuta kwenye intaneti.

Tulitoka New York kwenda Tokyo, skrini ikaonyesha tuko upande wa Alaska. Rubani alipotea?

Hakupotea, ramani bapa ndiyo inayokudanganya. Tafuta tufe la dunia, shika uzi kati ya miji hiyo miwili, ukaze. Utaona unapanda kaskazini wenyewe, na hiyo ndiyo njia fupi.

Programu moja inasema London hadi New York ni maili 3,440, nyingine 2,990. Ipi kweli?

Zote. Ya kwanza inahesabu maili za nchi kavu, ya pili maili za baharini (kilomita 1.852 kila moja), ambazo ndizo marubani wanazotumia.

Naweza kukadiria muda mwenyewe?

Gawanya kilomita kwa 850, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. London hadi Singapore, kilomita 10,900: saa 13 na dakika 20 hivi, na ratiba haziko mbali na hapo. Ila kanuni hii haijui siasa. Tangu 2022, anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka saa 9 hivi hadi karibu 13. Kwa njia kama hiyo weka kikokotoo pembeni, fungua ratiba ya shirika lenyewe.